Ununue chukudu gani Goma: nne nilizozipanga kuanzia iliyo bora

Mdogo wangu anataka kuanza kushusha viazi kutoka Kibumba, kijiji kilicho kaskazini ya Goma, mashariki mwa Kongo, na ameniuliza anunue chukudu gani, yaani ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, yenye magurudumu mawili na isiyo na pedali. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi mpaka magoti yakachoka, kwa hiyo namjibu hapa, na wengine wanaoweka akiba kwa ajili ya chombo hiki wapate kusoma.

Kabla ya fundi, fikiria njia. Kibumba iko juu, Goma iko chini kando ya ziwa, na katikati kuna zaidi ya kilomita 20 ambazo sehemu kubwa ni mteremko. Ukiwa na magunia, kazi yako pale ni kuizuia chukudu. Anayekwenda Sake, magharibi ya Goma, hana mteremko wa namna hiyo. Yeye anasukuma kwa mguu saa nyingi, na anahitaji gurudumu jepesi. Ndani ya mji kuna mitaa iliyojengwa juu ya mawe ya volkano ya Januari 2002, na mawe yale yanakata mpira kama kisu.

Nafasi ya kwanza naipa chukudu mpya ya kuagiza kwa fundi, urefu kama mita 2, yenye beringi magurudumu yote mawili. Miaka iliyopita iliuzwa dola 50 hadi 100. Kubwa zaidi ilipita hapo. Kuagiza kunakupa faida ambayo iliyokwisha kutengenezwa haina: fundi anakupima. Piga goti kwenye ubao mbele yake, mguu mwingine chini, ushike pembe, yaani usukani. Mikono ikipanda juu ya mabega, utachoka kabla hujafika Kibati, iliyo njiani. Mwambie pia unapiga goti lipi, ili kile kipande cha mpira au sponji cha kulindia goti akiweke mahali pake.

Mbao za mwili huwa mkaratusi. Ni mti mzuri, lakini ukichongwa mbichi unapasuka unapokauka, na ufa huanzia kwenye tundu la bolti. Omba kuona mbao kabla hazijaunganishwa. Gonga kwa kidole: mkavu unalia, mbichi unanyamaza. Tazama na ncha za ubao, kwa sababu nyufa ndogo huonekana hapo kwanza.

Gurudumu ni mti mgumu, mumba ukipatikana, lililozungushiwa ukanda wa tairi kuukuu. Wengi wanatazama unene wa mpira peke yake. Wewe pitisha kiganja: vichwa vya misumari viwe vimezama ndani ya mpira, na pale ncha mbili za ukanda zinapokutana ziwe zimekatwa mshazari, maana zikikatwa wima mpira huanza kufunguka hapo. Kisha inua chukudu, zungusha gurudumu, usikilize. Beringi nyingi zimetoka kwenye magari yaliyokufa, na hilo si kosa. Ikikwaruza, mwambie fundi aitoe, aioshe kwa petroli, muitazame pamoja. Ikiendelea kukwaruza baada ya kuoshwa, abadilishe.

Breki ndiyo naiombea sana mdogo wangu. Ni kipande cha tairi nyuma, unakikanyaga kikabana gurudumu. Mwaka mmoja nilinunua chukudu nzuri ya kupendeza, na kile kipande kilikuwa kimeshikwa na misumari miwili mifupi. Nikashuka na magunia matatu. Kwenye mteremko nikakanyaga, kikang'oka, nikabaki na pembe mikononi na mzigo unanisukuma mgongoni. Niliiingiza kwenye mawe ya kando ili isiwafikie akina mama waliokuwa mbele yangu na vikapu. Kovu liko kwenye mguu wangu hadi leo. Kwa hiyo dai bolti, ambayo imepita ubao na kufungwa nati kwa chini, na kipande kiwe kipana kama gurudumu lenyewe. Kikanyage mara kumi ukiwa pale pale kwa fundi.

Nafasi ya pili ni chukudu iliyotumika, ukiinunua kwa mtu ambaye bado anaifanyia kazi. Mti wake umeshakauka. Palipotaka kupasuka pamepasuka, unapaona. Kagua shingo, pale uma wa mbele unapozunguka. Mwombe mwenyewe aigeuze ikiwa na mzigo. Shingo iliyolika inacheza kushoto na kulia, na kwenye mteremko mchezo huo unazidi. Ukiipata kwa nusu ya bei ya mpya, ni pesa nzuri, mradi ubaki na kitu cha kubadilishia mipira. Usinunue iliyolala nje kwenye mvua bila kazi, hata kama mwenye nayo ni jamaa yako.

Ya tatu ni ndogo ya mjini, ya kubebea maji na mizigo ya soko. Bidoni (madumu) sita za lita 20 ni kilo 120 tayari, na inazimudu. Mama mwenye kijana mkubwa nyumbani atafaidika nayo kuliko ile ya mita 2, ambayo hata kugeukia uani inasumbua. Usiitume Kibumba.

Ya mwisho ni ile isiyo na beringi, mti unaozunguka juu ya mti. Bei yake ni ndogo kweli. Lakini ikipata mzigo ekseli inachemka, inanuka moshi, na kila safari unaipaka mawese au grisi. Kwa watoto wanaochota maji karibu na nyumba inatosha. Mtu anayetafuta riziki nayo atailipa mara mbili kwa jasho.

Kuhusu mzigo: kubwa zinabeba kilo 500 na zaidi, na ile sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu na chukudu yake kwenye mzunguko wa barabara pale mjini inakutia moyo. Mdogo wangu, mwezi wa kwanza magunia mawili. Mpe fundi nusu ya pesa, na siku ya kuichukua nenda na magunia hayo hayo, uyapakie, ushuke mteremko mfupi ulio karibu na karakana, kisha ndipo umalize kulipa.