Siku tisa mashambani Ayalandi na watoto watatu na mama yangu: uzoefu wangu

Nianze na jibu kwa anayetaka jibu tu: ukienda mashambani Ayalandi na watoto, panga nyumba mbili, utulie. Sisi tulilala siku moja Dublin kupumzika baada ya feri, siku tano nje ya mji wa Kenmare katika kaunti ya Kerry, na siku tatu Clare. Tulikuwa sita: mimi, mume wangu, watoto wa miaka 11, 8 na 4, na mama yangu mzazi aliyetoka Mombasa kutuzuru kwetu Leicester, Uingereza. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Julai na siku za mwanzo za Agosti. Sijapata kufanya safari na watoto nikaridhika kama hii, ingawa yapo yaliyotukwaza na nitayasema.

Mpango wa kwanza aliuchora mume wangu: Dublin, Cashel, Cork, Kerry, Clare, Galway, Connemara, kila usiku kitanda kipya. Kwenye ramani Ayalandi inaonekana nchi ndogo, na hapo ndipo watu wanapoponzeka. Ile njia ya watalii ya pwani ya magharibi, Wild Atlantic Way, iliyozinduliwa 2014, inatoka Donegal kaskazini hadi Kinsale, Cork, na ina kama kilomita 2,500. Ni zaidi ya kutoka Mombasa kwenda Kampala na kurudi, tena kwa barabara za kupindapinda. Mama alipoonyeshwa ile karatasi akasema, "Mwanangu, mimi nimekuja kukaa na wajukuu, sikuja kufunga na kufungua mabegi." Mume wangu akaikunja karatasi yake, tukaanza upya.

Viza kwanza, maana nimeona familia zikikwama hapa. Ayalandi haimo katika Schengen, lile eneo la viza moja la Ulaya, na viza ya Uingereza haimfikishi huko mwenye pasipoti ya Kenya. Mama aliomba viza mbili, ya Uingereza na ya Ayalandi, akiwa bado Mombasa. Usimsubiri mzazi afike kwako ndipo uanze kuhangaika. Wengi husema hakuna anayekagua baina ya nchi hizi mbili; sisi pasipoti zetu ziliangaliwa bandarini Dublin, na ya mama ikafunguliwa ukurasa kwa ukurasa.

La pili ni nyama. Nilikuwa nimeshajaza sanduku la barafu: kuku wa halali, kima, sambusa za kukaanga tukifika. Usiku wa kuamkia safari nikasoma masharti ya forodha: nyama na vitu vya maziwa haviruhusiwi kutoka Uingereza kuingia Jamhuri ya Ayalandi katika mizigo ya abiria, tangu Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya. Sambusa zikaenda kwa jirani saa tano za usiku. Tulinunua nyama Dublin asubuhi baada ya kulala pale, maana pale maduka ya halali yapo ya kutosha, tukaiweka kwenye barafu hadi Kerry. Huko mashambani usitegemee kuipata. Mwenye kuelekea Mayo atakuta mji wa Ballyhaunis una msikiti uliojengwa 1987 na kiwanda cha nyama ya halali, lakini sisi hatukupita upande huo.

Tulikwenda na gari letu la viti saba, kwa feri ya Holyhead hadi Dublin, saa tatu na robo hivi majini. Kwa familia ya watu sita wenye mizigo, naona hii ndiyo njia bora: viti vya watoto ni vyako, na huachi amana ya gari la kukodi. Sheria ya viti vya watoto lakini si moja. Uingereza mtoto akifika sentimita 135 anaruhusiwa kukaa bila kiti cha kumwinua. Ayalandi ni hadi sentimita 150 au kilo 36. Mkubwa wetu ana 141. Alinuna kurudishwa kwenye kiti cha "watoto", tukamwambia ni amri ya nchi ya watu. Na ukipita barabara ya M50 inayozunguka Dublin, hutaona kibanda cha kulipia: kamera husoma namba ya gari, nawe unatakiwa ulipe kabla ya saa mbili usiku wa siku inayofuata. Nililipa tuliposimama kujaza mafuta, nikatua mzigo.

Sasa barabara zenyewe. Wanaendesha kushoto kama kwetu, vibao ni vya kilomita. Hadi Limerick ni barabara kuu, watoto walilala. Kutoka Killarney kwenda Kenmare ni kilomita 33 tu juu ya mlima, zikatuchukua karibu saa nzima kwa kona, kondoo, na kusimama Ladies View kutazama maziwa yaliyo chini. Tangu Februari 2025 mwendo wa juu kwenye barabara ndogo za mashambani ni kilomita 60 kwa saa, na hata huo mara nyingi haufikiki. Kuta za mawe huku, vichaka huku, na ukikutana na trekta mmoja wenu atarudi rivasi hadi penye nafasi ya kupishana. Mwenyeji akikupisha huinua kidole kimoja juu ya usukani, nawe uinue chako. Mtoto wa kati alishika kazi ya kuhesabu vidole hivyo.

Ushauri wangu kwa anayepanga: saa unayopewa na ramani ya simu, iongeze nusu yake. Ile Ring of Kerry ni mzunguko wa kilomita 179, na mabasi ya watalii huuzunguka kinyume cha saa, yote siku moja. Sisi tulikwenda kipande chake tu, Kenmare hadi Derrynane, tukarudi. Derrynane pana nyumba ya Daniel O'Connell, aliyewapigania Wakatoliki wa Ayalandi hadi sheria ya 1829 ikawafungulia bunge, na aliyekuwa adui mkubwa wa utumwa. Chini ya nyumba kuna ufuo. Mama alivua viatu akatembea. Mchanga mweupe kama wa Diani, maji kama yametoka kwenye friji. Tulikaa pale saa nne, na hakuna aliyeuliza tunaenda wapi baada ya hapo.

Nyumba ya Kenmare niipe haki yake na lawama yake. Tangazo lilisema dakika tano kutoka mjini. Zilikuwa ishirini, za mwisho juu ya kijia chenye majani yaliyoota katikati. Maji ya moto yalitosha watu watatu, wa nne anasubiri. Mapazia yalikuwa mepesi, na mwezi huo Magharibi inaingia baada ya saa tatu na nusu usiku. Watoto hawalali kukiwa kweupe hivyo. Nilitundika leso mbili za mama dirishani. Lakini jiko lilikuwa kubwa, lina oveni na mashine ya kukausha nguo, na katika Kerry kikaushio si anasa: siku tano, mvua tatu. Na nyuma ya nyumba palikuwa na uwanja uliopakana na malisho ya kondoo, ambapo mdogo wetu alicheza kila asubuhi akiwa na koti la mvua na gambuti. Ningekuwa kwenye hoteli ningekuwa nambembeleza anyamaze.

Kupika nyumbani kulituokoa. Kifungua kinywa cha Kiayalandi kwenye nyumba za wageni ni nyama ya nguruwe ya kukaanga, soseji, na ile soseji nyeusi inayotiwa damu. Asubuhi ile ya Dublin tuliomba mayai, uyoga na uji, wakatupa bila kinyongo. Mikahawani tulikula samaki. Hata hapo uliza: supu nzito ya samaki, chowder, mara nyingine huwekwa vipande vya bekoni, na baadhi ya maduka hukaanga chipsi kwa mafuta ya ng'ombe. Niliuliza kila mahali, nikajibiwa kwa adabu kila mahali.

Tulichopanga kwa tarehe ni vitu vitatu tu: feri, nyumba, na tiketi za majabali ya Moher, yale yaliyosimama wima juu ya bahari kule Clare. Mengine yote tuliyaamua asubuhi baada ya kutazama mawingu. Siku kavu tukaenda ufuoni, siku ya mvua Muckross.

Muckross iko ndani ya hifadhi ya Killarney, ya kwanza katika Ayalandi, iliyotokana na shamba ambalo wenyewe walilikabidhi taifa 1932. Ipo nyumba ya kitajiri ya 1843, ipo maporomoko ya Torc ya kama mita 20, yapo magari ya farasi (mpatane bei kabla ya kupanda). Ila kilichonirudisha mara ya pili ni mashamba ya zamani, Muckross Traditional Farms: nyumba za wakulima zilizowekwa kama zilivyokuwa miaka ya 1930 na 1940, umeme haujafika, na mna watu wanaofanya kazi za wakati ule mbele ya macho yako. Katika nyumba moja mama wa makamo alikuwa anaoka mkate wa magadi kwenye moto wa udongo wa kinamasi, ule wanaoukata, wakaukausha, wakauchoma mahali pa kuni. Chungu chake kilikuwa cha chuma, mfuniko bapa. Akaweka unga ndani, akafunika, kisha akachota makaa kwa koleo na kuyapanga juu ya mfuniko.

Mama yangu akasimama. "Anapalia!" akasema, kwa sauti. "Jamani, anapalia!"

Mwenye kupika mkate wa kumimina ataelewa. Moto chini, moto juu, na mkono unaojua makaa mangapi yanatosha. Mama Kiingereza chake ni kidogo, akamvuta mjukuu wake mkubwa amtafsirie. Yeye akaeleza mchele unavyorowekwa na kusagwa na tui, mwenzake akaeleza maziwa chachu na magadi. Wakashikana mikono kupimana joto la makaa. Sisi wengine tulikwenda kuona nguruwe na kuku, tukaona bata, tukaona farasi, tukarudi, wao bado. Saa moja na nusu. Katika ule mpango wa vituo saba, Muckross ilikuwa imepewa dakika arobaini na tano.

Siku ya kuhamia Clare tulipita Banna, kaskazini ya Tralee, ufuo mrefu ulionyooka. Hapa aliomba mume wangu. Yeye ni mtu wa Kasongo, Maniema, huko Kongo, na Banna ndipo Roger Casement, Mwayalandi aliyepigania uhuru wa nchi yake, aliposhuka kutoka nyambizi ya Wajerumani tarehe 21 Aprili 1916, akakamatwa siku ileile, akanyongwa London tarehe 3 Agosti. Kabla ya hayo Casement alikuwa balozi mdogo wa Uingereza, akaandika ile ripoti ya 1904 iliyoeleza watu wa Kongo walivyokuwa wakiteswa na kukatwa mikono kwa ajili ya mpira wa Mfalme Leopold. Pana mnara wa kumbukumbu. Mume wangu aliwasimulia watoto kwa Kiswahili, polepole, bila kuwaficha. Mkubwa akauliza kwa nini mtu wa huku alijali watu wa kwao baba. Baba yake akamjibu kwamba Casement alikwenda mwenyewe, akawasikiliza wakisema. Tulikula mikate yetu pale kwa upepo, kisha tukaendelea.

Kutoka Tarbert tulivuka mto Shannon kwa feri ya magari hadi Killimer. Dakika 20, inakuepusha na mzunguko wa kilomita 137. Usiikose.

Clare niiseme kwa ufupi. Majabali ya Moher yanafika mita 214, na ni kweli yanatisha na kupendeza. Tiketi kata mtandaoni, chukua ya asubuhi mapema au jioni, kwa maana saa sita mchana ni foleni ya mabasi. Mwenye mtoto wa miaka minne amshike mkono muda wote, asimwachie hata kwa picha. Mimi nilipapenda zaidi Burren, nchi ya mawe ya chokaa yaliyotandaa kama sakafu iliyopasuka, na maua madogo yakichomoza kwenye nyufa. Pale Poulnabrone pana kaburi la mawe la zaidi ya miaka 5,000, ambamo wachimbaji walikuta mabaki ya watu zaidi ya 30. Hatukulipa kiingilio, na watoto walirukaruka mawe hadi wakachoka.

Skellig Michael, kile kisiwa cha mawe nje ya pwani ya Kerry, hatukwenda. Wanashukisha watu 180 kwa siku, na kuna ngazi 618 za mawe zisizo na kitu cha kushikilia. Si pa mtoto wetu yeyote bado, wala si pa magoti ya mama.

Siku ya mwisho, Ennistymon, mama aliona dukani chungu kama kile cha Muckross, kikuukuu, mfuniko wake bapa umeshika kutu. Kilivuka bahari miguuni pake. Kilikula robo nzima ya kilo zake za ndege, zawadi za watu zikabaki kwangu Leicester. Ijumaa iliyopita ametutumia picha kutoka Kuze, Mombasa: makaa juu, makaa chini, na mkate wa kumimina umeumuka hadi kugusa mfuniko.