Mashine ya ECG ya chaneli tatu: inafaa visiwani, ila usiiachie ichape yenyewe

Mashine ya ECG huchora umeme wa moyo kwenye karatasi. Hii ni ile ndogo ya kubeba, yenye waya kumi na betri ya ndani. Kwa kituo cha afya cha Ukerewe betri pekee inatosha kuitetea: umeme ukikatika inaendelea, na ukiichomoa ukutani ule mtetemo wa 50 Hz unaochafua mstari hupungua.

Kasoro yake kubwa ni modi ya otomatiki. Kila lidi (mchoro wa moyo ukitazamwa kutoka upande mmoja) huchapwa kama sekunde 2.5 tu. Moyo unaopiga mara 30 kwa dakika hutoa pigo moja kila sekunde 2, kwa hiyo unabaki na pigo moja au mawili, na bloku (umeme wa moyo kuchelewa au kukatika njiani kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini) haisomeki. Weka modi ya mkono, chagua lidi II, kasi 25 mm kwa sekunde, uache karatasi itembee nusu dakika. Karatasi itaisha haraka, iache iishe.

Kwa kasi hiyo kijiboksi kimoja ni sekunde 0.04. Toka mwanzo wa P (kilima kidogo cha vyumba vya juu) hadi mwanzo wa QRS (mchongoko wa vyumba vya chini) visizidi vitano. Vikizidi lakini kila P ina QRS yake, umeme unachelewa tu: bloku ya daraja la kwanza. Nafasi ikirefuka pigo kwa pigo mpaka QRS moja ikakosekana, ni Mobitz I, aina ya kwanza ya daraja la pili, na kwa kawaida shida iko kwenye nodi ya AV (kiungo cha umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini). Nafasi ikibaki ileile halafu QRS ikakosekana ghafla, ni Mobitz II, aina ya pili ya daraja hilo. Hapo njia imeharibika chini ya nodi, na mgonjwa huyo asirudishwe nyumbani.

Daraja la tatu, ambapo hakuna P inayopita kwenda chini, ndilo linalowaponyoka wengi, kwa sababu P nyingine hujificha ndani ya T (wimbi linalofuata QRS). Chukua ukingo wa karatasi tupu, tia alama ya kalamu kwenye P mbili zinazofuatana, kisha usogeze. Alama zitaangukia P zote, hata zilizojificha, huku QRS zikienda kwa mwendo wake. Kituo cha akiba (sehemu ya moyo inayoanzisha mapigo umeme wa juu usipofika) kilicho karibu na nodi hupiga 40 hadi 60 kwa dakika, QRS nyembamba. Cha ventrikali (vyumba vya chini) hupiga 20 hadi 40, QRS pana, na kinaweza kunyamaza wakati wowote. Atropini (dawa ya kuharakisha moyo) hapo mara nyingi haifui dafu. Wapigie hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza, kabla ya safari ya maji.

Tafsiri inayochapwa juu ya karatasi tusingeitegemea. Na karatasi hii huandikwa kwa joto: ikiachwa juani ndani ya boti inaweza kuwa nyeusi au kufifia. Ipige picha kwa simu kabla mgonjwa hajapanda.