Ukitaka stesheni ya zamani, anzia nyuma

Mwaka juzi nilinunua stesheni wagoni, lile gari refu lenye buti lililoungana na sehemu ya abiria, ya miaka ya 80 kwa shilingi 280,000, pesa taslimu, kando ya barabara huko Changamwe, Mombasa. Chapa yake sitaitaja kwa sababu kosa halikuwa la kiwanda. Lilikuwa la muuzaji, na langu mimi niliyemwamini. Gari liliwaka mara moja, breki zilishika, rangi ilikuwa inang'aa. Fundi niliyekwenda naye alifungua boneti, akasikiliza injini, akaingia uvunguni upande wa mbele, akatoka akipangusa mikono. "Dada, hii usiiache." Mlango wa nyuma ulifunguliwa mara moja tu, muuzaji alipotaka kunionyesha kwamba mbuzi watatu wanaenea.

Safari ya kwanza ilikuwa harusi Kaloleni. Hatujafika Mazeras, watoto waliokaa nyuma wakaanza kutapika, na mama yangu kichwa kinamgonga. Tukamlaumu samaki wa kupaka. Wiki iliyofuata hatukula samaki, na walitapika vilevile. Nikabadilisha kabureta. Nikachomelea ekzosi mahali pawili. Nikafungua madirisha ya mbele ili upepo uingie, mambo yakazidi.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja fundi wa Majengo, ambaye hakugusa injini kabisa. Aliniuliza, "Mwanangu, kwenu mnafukiza?" Nikampelekea chetezo na ubani. Akakiweka kwenye kigae ndani ya gari, akapandisha madirisha yote, akawasha feni ya gari mpaka mwisho, akashuka na kufunga milango. Akaniita nyuma. Moshi ulikuwa unatoka pembe ya chini ya mlango wa buti kama mvuke wa sufuria ya wali. "Panapotoka huu," akasema, "ndipo wa ekzosi unapoingilia."

Stesheni ina mgongo uliokatwa wima. Ikiwa mwendoni, nyuma yake hubaki pengo la hewa, na upepo hujizungusha humo na kuchota moshi wa ekzosi ulioachwa barabarani. Mpira wa mlango wa nyuma ukiwa umekufa, moshi ule unavutwa ndani. Ukifungua dirisha la mbele ndiyo unauita, maana hewa inayotoka mbele lazima ijazwe kutoka mahali. Na katika moshi ule kuna kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi. Wanangu hawakuwa na kichefuchefu cha safari, walikuwa wanapewa sumu polepole, na mimi nimekaa mbele naimba taarabu.

Kwa hiyo sitakuandikia habari za maili, tairi wala ulaji wa mafuta. Hayo jirani yako yeyote atakueleza. Mimi nataka uelewe jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi: stesheni adimu huwa adimu nusu yake tu. Kuanzia taa za mbele hadi milango ya mbele, mara nyingi ni gari lilelile la saluni, yaani la kawaida lenye buti la kujitenga, na spea zake utazipata Kirinyaga Road Nairobi na zikaletwa na basi la usiku. Lakini kuanzia milango ya nyuma kurudi kule, kila kitu ni chake peke yake: kioo cha buti, mpira, bawaba, shokapu za kuinulia mlango, mara nyingi hata taa na springi. Injini ikifa utapata nyingine. Kioo cha nyuma kikivunjika utatembea na perspeksi, plastiki inayopitisha mwanga, iliyokatwa na fundi wa mabango, kama mimi nilivyotembea miezi minne, mvua ikinyesha nakaa na beseni.

Ukienda kutazama gari, basi, beba karatasi, sumaku na kijana mwembamba. Weka karatasi kwenye ukingo wa buti, funga mlango, halafu ivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira hapo umekwisha. Zunguka hivyo mlango mzima, usichoke, na pembe mbili za chini zirudie. Sumaku ipitishe chini ya kioo cha nyuma na kuzunguka taa. Isiposhika, umepata filla, ile dawa ya kuzibia mashimo ya bodi, na chini ya filla kuna kutu. Sisi wa pwani chumvi hatuiwezi. Kijana mwingize ndani, mfungie, mmiminie gari maji kwa ndoo huku yeye anamulika pembe kwa tochi ya simu. Zulia la buti linyanyue hata muuzaji akinuna. Muuzaji wangu alikuwa amelibandika kwa gundi, nami nikasifu usafi wake. Jaribio la chetezo ukilifanya, usikae ndani na makaa.

Sasa chaguo. Ya kwanza kwangu ni Peugeot, na sina aibu. Wengine wataniambia naipendelea kwa sababu nimekua ndani ya Pijo. Ni kweli. Baba yangu mdogo alikuwa na 504 stesheni, na sisi wadogo tulikuwa tunagombania kiti cha mwisho kabisa. Lakini sababu za chuma zipo. Stesheni ya 504 ilitoka 1971, na haikuwa saluni iliyoongezwa sanduku. Umbali wa tairi ya mbele na ya nyuma ulirefushwa hadi mita 2.90, na nyuma ikawekewa ekseli nzima yenye springi za koili mbili kila upande. Ndiyo maana ilibeba abiria na magunia miaka nenda miaka rudi bila kukaa kitako kama kuku anayetaga. Ziliunganishwa hapahapa Mombasa, na hilo ndilo linaloamua mambo yangu: wazee wanaozijua bado wapo, na mizoga yake ipo nyuma ya gereji nyingi, pamoja na milango yake ya nyuma. Mzoga wenye kioo kizima cha buti una thamani kuliko wenye injini nzima, ila mwenye gereji usimwambie.

Kati ya 504 na 505, kwa gari la kila siku ningechukua 505. Stesheni yake ilikuja 1982, ilibaki na umbali uleule wa tairi wa mita 2.90, na ile ya Familiale ina safu tatu za viti, watu 8 wanaketi wakitazama mbele. Usukani wake ni mwepesi mjini. 504 ni nzuri zaidi kwa macho, lakini walio nayo wameshajua hivyo, na bei inasema.

Ya pili ni Mercedes ya W123, ile stesheni iliyotengenezwa Bremen hadi 1986. Chuma chake kizito na viti ni vya mfalme. Nyuma ina mfumo wa mafuta na gesi unaoinua gari lenyewe unapopakia mzigo. Mfumo huo ukifanya kazi, ni raha tupu. Mfumo ukichoka, gari hudunda nyuma kama punda aliyekataa, na muuzaji atakwambia "ni shokapu tu". Si shokapu tu. Ikiwa pochi yako haina mkia mrefu, mwache mwenye nayo aendelee nayo.

Volvo 240 stesheni naiweka ya tatu, na inaniuma, kwa sababu buti lake ni pana kama chumba cha kupanga na ilitengenezwa mpaka 1993. Tatizo ni nyaya. Zinazopita kwenye bawaba za mlango wa nyuma hukatika kwa kufunguliwa na kufungwa miaka yote hiyo, kisha waipa ya nyuma inakufa, taa ya namba inakufa, nawe unasimamishwa barabarani. Zile za mwanzoni mwa miaka ya 80 hata nyaya za injini hubanduka ngozi. Ukimpata fundi wa umeme mwenye subira, ipandishe iwe ya pili.

Toyota Corolla DX stesheni na Nissan Sunny za miaka ile ni rahisi, zinatengenezwa na kila mtu, na zimeoza. Basi. Toyota Probox, stesheni ya siku hizi, si adimu, kanunue bila kunisoma.

Tuje kwa wauzaji, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka. Kanuni ya Kenya ya miaka 8, inayokataza kuingiza gari lililozidi umri huo, imetufungia njia ya kuagiza gari kuukuu kutoka nje kama watu wanavyoagiza hizo Probox, kwa hiyo tunagombania yaleyale yaliyobaki nchini, na madalali wanalijua hilo. Mkweche uliokuwa umefugiwa kuku mwaka jana leo umepakwa rangi, umepigwa picha ufukweni wakati wa magharibi, na umeitwa "klasiki". Ukiuliza bei, "njoo inbox". Ukifika inbox, "wewe una ngapi?" Mmoja alinisomea historia ya Safari Rally badala ya kunionyesha logibuku, ile hati ya mwenye gari. Historia naijua, bwana. Peugeot 404 ilishinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na mbili za katikati alizichukua Bert Shankland aliyekuja kutoka Tanzania. 504 ilishinda 1975 na 1978, na ile ya 1978 ilikuwa "coupé", gari la milango miwili, yenye injini ya V6. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa stesheni iliyobebea makaa miaka 30. Logibuku ilipotoka, jina lilikuwa la marehemu, na mirathi haijafunguliwa. Alitaka 650,000.

Lile langu la Changamwe nililiuza mwezi wa tatu, na mnunuzi nilimwambia ukweli wa mlango wa nyuma kabla hajauliza. Akapunguziwa 60,000. Sasa nafuatilia 505 nyeupe iliyoko Voi, ya mwalimu mstaafu, kioo kizima, bawaba hazina kutu. Nimeivuta karatasi mara mbili kuizunguka. Upande wa kushoto chini inateleza. Mwalimu anasema atauza mwanawe akirudi likizo, nami nimeshamwachia Mzee wa Majengo pesa ya kunitafutia mpira.