Globe ya London: chukua tiketi ya kusimama, ila uihurumie miguu

Ukiwa London majira ya joto na una jioni moja tu ya kutazama mchezo wa kuigiza, nenda Globe, ukumbi wa michezo ya Shakespeare, pale kando ya mto Thames, ukanunue tiketi ya kusimama. Ni pauni 5 hadi 10. Kwa mji ule, ambako hela hiyo inaishia kwenye kahawa na kipande cha keki, ni kama umeingia bure.

Tulikwenda wanne. Mmoja wetu, ambaye mfuko wake unaruhusu, aling'ang'ania viti. Nikamweleza: shoga, viti vyenyewe ni mabenchi ya mbao, mengi hayana pa kuegemea, mto wa kukalia unakodi, na jukwaani zimesimama nguzo mbili nene ambazo ukikaa pabaya zitakuziba. Uwanjani, pale mbele ya jukwaa wanaposimama wenye tiketi kama zetu, nguzo ikikuziba unasogea hatua mbili, yameisha. Akanuna kidogo, akakubali.

Sasa masharti. Mchezo ukiendelea, walio uwanjani hawaruhusiwi kukaa chini. Katikati hakuna paa, mwavuli haufunguliwi kwa sababu utawaziba wa nyuma, na mvua haisimamishi kitu. Beba koti la mvua lenye kofia, na viatu virefu viache hotelini.

Kwa hiyo siku nzima ipangwe kwa hesabu ya miguu. Asubuhi tulianzia kanisa la St Paul's, na mwenzetu mmoja akawa tayari anatazama kuba kwa uchu. Ngazi za kufika juu kabisa ni 528. Nikamwambia, dada, hizo utapanda kesho. Tukavuka mto kwa Millennium Bridge, daraja la waenda kwa miguu ambalo lilipofunguliwa mwaka 2000 liliyumba mpaka likafungwa baada ya siku mbili, likarudi 2002 likiwa limetulia. Kosa langu kuwasimulia habari hiyo tukiwa katikati ya daraja. Mmoja alishika chuma mpaka ng'ambo.

Ng'ambo ndiko iliko Tate Modern, zamani kituo cha kufua umeme, leo jumba la sanaa ambalo mikusanyo yake ya kudumu unaiona bila kulipa. Ule ukumbi mkubwa uliokuwa wa mitambo watu wanajikalia sakafuni na hakuna wa kuwafukuza. Tukakaa na sisi. Picha niliziona chache, wala sijutii. Chakula cha mchana kilituangusha: mgahawa mmoja wa ukingoni, chipsi zimepoa, bili imeshaongezewa ada ya huduma. Afadhali utembee kidogo hadi soko la vyakula la Borough Market ule huku unachagua.

Globe yenyewe ni ukumbi uliojengwa upya. Ule wa zamani ulisimamishwa mwaka 1599, ukateketea 1613 baada ya mzinga uliofyatuliwa wakati wa mchezo kuwasha paa. Huu wa sasa ulifunguliwa 1997, matunda ya hangaiko la miaka mingi la mwigizaji Mmarekani, Sam Wanamaker, aliyefariki 1993 kabla haujakamilika. Paa lake ni la matete, la kwanza kuruhusiwa London tangu moto mkubwa wa 1666. Safari hii wameweka na vinyunyizio vya maji. Wamekoma.

Tuliwahi mlangoni, tukapata ukingo wa jukwaa, pa kuwekea viwiko. Mchezo ulikuwa kile kichekesho cha Shakespeare cha mapacha wenye watumishi mapacha. Kiingereza chake cha zaidi ya miaka 400 kilitupita mara nyingi, lakini mtu akipigwa kwa kosa la pacha wake huhitaji kamusi. Taa hazizimwi juu ya watazamaji, hivyo mwigizaji anakuona usoni. Mtumishi mmoja aliyetumwa kununua kamba alipofika mbele yetu akainama, akamkabidhi ile kamba yule yule mwenzetu wa viti, akaenda zake. Aliishika kwa mikono miwili kama mtoto aliyepewa amana, na jamaa aliporudi kuichukua, uwanja mzima ulimpigia makofi. Wa kwenye mabenchi walilipa zaidi na hawakupata hilo.

Mwaka 2012 waigizaji kutoka Kenya walicheza Shakespeare kwa Kiswahili kwenye jukwaa hili hili. Sikuwepo, na bado inaniuma. Wakirudia, nitasimama hata mara mbili kwa siku.

Ukikosa ukingo wa jukwaa, kimbilia nyuma uegemee ukuta. Katikati ya uwanja ndipo kiuno kinapolalamika. Mapumziko yakiingia, kaa chini papo hapo. Mwenye mgongo mbovu au mjamzito asijitese: achukue benchi la orofa ya kati linalolikabili jukwaa moja kwa moja, na mto akodi.