Kurudi pale nilipoachia: uzoefu wangu JavaScript ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa

Mimi ni msomaji wa kurasa ndefu. Nikibonyeza kiungo kisha nikarudi nyuma, nataka nikute mstari uleule mbele ya macho. Kwenye maktaba moja ya mtandaoni ninayoitumia, jambo hilo halikutokea hata siku moja. Nasogeza orodha hadi kitabu cha mia mbili, nakifungua, narudi, naona nimerushwa juu kabisa. Niliudhika mpaka nikawa sifungui vitabu nilivyovitamani, kwa kuogopa kupoteza mahali.

Siku moja nikazima JavaScript, yaani lugha ya skripti (programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya ukurasa), kwenye kivinjari changu cha Firefox, nikaingia tena. Orodha sasa ilikuja imegawanywa kurasa kwa kurasa badala ya kumiminika bila mwisho, na kila nilipobonyeza kurudi nyuma nilitua palepale. Kumbe kivinjari chenyewe kinaijua kazi hii! Tangu toleo la 1.5 la mwaka 2005, Firefox huweza kuutunza ukurasa mzima kwenye kumbukumbu unapouacha na kuurejesha kama ulivyokuwa. Tatizo la maktaba ile ni kwamba skripti huileta orodha kwa kuchelewa. Unaporudi, ukurasa bado mfupi, na mahali ulipokuwa hapajakuwepo. Kuna tovuti zinazofanya vibaya zaidi: zinaweka history.scrollRestoration kuwa manual, yaani zinakiambia kivinjari kiache kazi hiyo, halafu zenyewe haziifanyi. Hilo silikubali kabisa.

Nikaamua kujaribu kwenye ukurasa wangu wa maandishi. Bila skripti, nilikipa kila kichwa kidogo id yake, yaani jina la kukitambulisha ndani ya msimbo wa ukurasa, basi anwani inayoishia na #sura-4 humfikisha msomaji sura ya nne moja kwa moja. Fomu nayo ikishatumwa, seva humrudisha mtu kwenye anwani yenye # ya sehemu aliyokuwa akiijaza. Upau wangu wa juu ulikuwa unafunika vichwa. Scroll-margin-top, agizo la CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa) linaloacha nafasi juu ya kichwa, ikamaliza hilo. Picha nazo ziandikiwe upana na urefu, la sivyo zikifunguka husukuma maandishi chini.

Skripti nimeiacha kwenye orodha moja tu inayojazwa baadaye. Mwanzoni nilihifadhi idadi ya pikseli (nukta za skrini) nilizosogeza katika sessionStorage, hifadhi ndogo ya kivinjari kwa kichupo kimoja, lakini nikigeuza simu upande, maandishi yanajipanga upya na ile namba haina maana tena. Sasa nahifadhi id ya kipengele kilichokuwa juu ya skrini, kwenye tukio la pagehide, yaani ishara ya kivinjari kwamba ukurasa unaachwa. Unload, ishara ya zamani ya kuacha ukurasa, msiitumie, kwa sababu katika Firefox na Chrome za kompyuta inaweza kuuzuia ukurasa kutunzwa kwenye kumbukumbu. Ukifunga kichupo, sessionStorage hufutika. Anayetaka kuendelea kesho atumie localStorage, hifadhi inayobaki hata kichupo kikifungwa.

Maktaba ile bado naingia JavaScript ikiwa imezimwa. Nimeshawaandikia wahusika na kuwaeleza haya yote, id kwa id.