Bendi za Gwaride za Vyuo Vikuu vya Marekani: Tathmini ya Onyesho la Mapumziko

Anayenunua tiketi ya mchezo wa futiboli ya Kimarekani (si soka) ya vyuo vikuu nchini Marekani huwa amenunua maonyesho mawili, hata kama hakukusudia: mchezo wenyewe, na bendi ya gwaride inayotumbuiza kabla ya mchezo, katika mapumziko ya dakika 20, na kwenye baadhi ya vyuo hata baada ya mchezo kumalizika. Tathmini hii inahusu onyesho hilo la pili, nami nimelipima kama inavyopimwa huduma yoyote inayolipiwa: linampa nini aliyekaa jukwaani, na katika miongo iliyopita limeboreka wapi na limezorota wapi. Hukumu yangu naitanguliza. Kwa macho, onyesho la leo linapita lolote lililotangulia. Kwa masikio limerudi nyuma katika viwanja vingi, na mtu anayetaka kuusikia muziki sawasawa hana budi kujua afike saa ngapi, akae wapi, na achague bendi ya mtindo upi.

Nyingi ya bendi hizi zilianza zikihudumia mafunzo ya kijeshi yaliyokuwa yakitolewa vyuoni, na kazi yao ilikuwa kuwaongoza wanafunzi katika gwaride, si kumburudisha mtu. Mwaka 1907 bendi ya Chuo Kikuu cha Purdue, katika jimbo la Indiana, ilivunja safu zake uwanjani na kujipanga katika umbo la herufi P, tukio ambalo kwa kawaida huhesabiwa kuwa mwanzo wa michoro ya bendi uwanjani. Tangu hapo mtazamaji akawa na sababu ya kubaki kitini wachezaji wanapokwenda kupumzika. Uwanja wenyewe ulisaidia, kwa kuwa mistari yake myeupe imepigwa kila baada ya yadi 5, na mwanabendi akifundishwa kukata nafasi hiyo kwa hatua 8 zilizo sawa, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita 57 hivi, basi watu 200 wanaweza kuchora duara au kuandika neno bila mmoja wao kutazama chini.

Onyesho linalopaswa kuwa la kwanza kwa mgeni ni lile la Chuo Kikuu cha Ohio State, mjini Columbus, na ushauri wangu ni kufika mapema kuliko wanavyofika mashabiki wa mpira. Saa chache kabla ya mchezo bendi hufanya mazoezi ya hadhara ndani ya ukumbi wa St. John Arena, unaopakana na uwanja, na humo ndimo sauti yake inapopatikana kwa ukamilifu. Tangu mwaka 1934 bendi hii imekuwa ya ala za shaba na ngoma pekee, haina klarineti, filimbi wala saksafoni, na chini ya paa matarumbeta na tromboni hizo hutoa mvumo mzito ambao jukwaa lililo wazi haliwezi kuuhifadhi. Kisha huja kuingia uwanjani, wapiga ngoma wakitangulia kushuka kwenye njia ya mteremko kwa mwendo wa mapigo 180 kwa dakika, magoti yakipanda juu kila hatua, mpaka safu zote zimefunguka kwenye nyasi. Kiongozi wa gwaride hufuata mbio akipita katikati yao, husimama, na kujipinda kinyumenyume hadi manyoya ya kofia yake yaguse ardhi. Hapo ndipo uwanja mzima hulipuka kwa kelele, na sijaona bao linaloshangiliwa kwa namna ile.

Kilele cha mpango wao ni kuliandika neno Ohio kwa mwandiko wa kuunganisha herufi, jambo lililofanywa kwa mara ya kwanza tarehe 10 Oktoba 1936. Wapenzi wa Ohio State hawapendi kukumbushwa kwamba mahasimu wao wa Michigan walikwisha kuliandika neno hilo uwanjani mwaka 1932. Hoja yao ni kwamba hao wengine walilipanga tu, ilhali wao huliandika, mstari mmoja wa watu ukijifungua na kutembea kwenye herufi zote kama wino unaotoka kwenye kalamu. Hoja hiyo naikubali. Nukta ya herufi i huwekwa na mpiga susafoni, ile tuba kubwa inayovaliwa begani, ambaye hutoka kwa madaha mpaka mahali pake, akavua kofia na kuinama mbele ya upande mmoja wa uwanja na kisha wa pili. Inafaa kujua kwamba nukta ya mwaka 1936 iliwekwa na mpiga tarumbeta. Susafoni ilikuja baadaye, na madaha yake pia. Wageni wa heshima wachache wamewahi kupewa nafasi hiyo, akiwemo mchekeshaji Bob Hope mwaka 1978 na mwanaanga John Glenn mwaka 2009. Kinachoitwa desturi ya kale, ukikichunguza, ni kitu kilichorekebishwa kizazi baada ya kizazi hadi kikakaa vizuri.

Badiliko kubwa kuliko yote, hata hivyo, halimo katika michoro bali katika nyuso zilizo chini ya kofia. Kwa miongo mingi bendi mashuhuri zilikuwa za wanaume watupu, wanawake wakiruhusiwa kwa muda katika baadhi ya vyuo wakati wa vita, pale wanaume walipopungua. Sheria ya mwaka 1972 iliyopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayofadhiliwa na serikali kuu, ambayo Wamarekani huiita Title IX, iliufungua mlango huo: Michigan iliwapokea wanawake mwaka huohuo wa 1972, Ohio State mwaka 1973, na bendi ya kijeshi ya Texas A&M ilichelewa hadi mwaka 1985. Waliotabiri kwamba mwendo wa kupandisha magoti ungelegea na sauti ingepungua hawakuthibitishwa na lolote. Bendi ya Ohio State inaendelea kuwataka wote wafanye majaribio upya kila mwaka, wakongwe wakiwemo, na wale wa akiba huweza kumpa changamoto mwenye nafasi wiki hadi wiki. Kwa utaratibu mkali kama huo, anayebaki safuni amebaki kwa uwezo wake.

Upande wa macho, maendeleo yalikuja kwa mawimbi mawili. La kwanza lilitoka kwenye mashindano ya vikosi vya ngoma na tarumbeta vya vijana, ambayo fainali yake ya kitaifa chini ya Drum Corps International ilianza mwaka 1972. Wahitimu wa vikosi hivyo waliingia vyuoni na mwendo wa kuteleza, unaokifanya kiwiliwili kitulie ili pumzi isikatike, pamoja na michoro isiyotulia, duara likigeuka wimbi na wimbi likigeuka mshazari bila kusimama. Wimbi la pili ni la kompyuta. Zamani mkurugenzi wa bendi alichora kila nafasi kwa penseli kwenye karatasi za miraba. Siku hizi programu humwonyesha kila mtu hatua zake, na Ohio State imekwisha kuzibadilisha karatasi hizo kwa kompyuta kibao. Matunda yake yalionekana Oktoba 2012, ilipotoa onyesho la michezo ya video lenye farasi anayekimbia uwanjani kwa miguu iliyoundwa na watu, na mwaka 2013 katika onyesho la muziki wa Michael Jackson, ambapo mchoro wa mtu ulisogea kinyumenyume kwa mtindo wa mwezini, ile densi yake ya kuteleza iitwayo moonwalk. Mamilioni waliyatazama kwenye intaneti, wengi wao wakiwa hawajawahi kutazama futiboli ya Kimarekani hata robo moja.

Hapa ndipo ninapoondoa alama. Michoro ya namna hiyo hutungwa kwa jicho la kamera iliyo juu kabisa, na aliyelipia kiti cha chini karibu na mstari, ambacho kwa kawaida ndicho ghali, huona msitu wa miguu tu. Farasi yule alikuwa wa watu wa majukwaa ya juu na wa wenye simu. Na muziki hulipa gharama: watu wanapotawanywa ili kuchora mwili wa mnyama, tromboni za kushoto hupishana na tarumbeta za kulia kwa umbali wa makumi ya mita, na mwangwi hufika jukwaani ukiwa umechelewa. Mpango wa zamani wa safu zilizosongamana ulikuwa maskini kwa picha, lakini uliielekeza midomo yote ya ala upande mmoja, na wimbo ulimfikia msikilizaji ukiwa mzima.

Linaloudhi zaidi ni spika za uwanja. Katika viwanja vingi vikubwa, vipindi vya kusimama kwa mchezo ambavyo zamani vilikuwa mali ya bendi sasa vimejazwa matangazo ya biashara na nyimbo zilizorekodiwa, zinazopigwa kwa sauti ambayo watu 300 wenye ala za shaba hawawezi kushindana nayo. Televisheni nayo hukimbilia studio mara mapumziko yanapoanza, ikamwachia mtazamaji wa nyumbani wachambuzi wanaorudia alichokwisha kukiona. Uamuzi huo naufahamu kibiashara, ila kwa huduma inayojivunia desturi zake ni ubahili.

Anayeyathamini masikio yake aelekee kwenye vyuo vikuu vya kihistoria vya Wamarekani Weusi, na alama zangu za juu naziweka huko. William P. Foster, aliyeiongoza bendi ya Florida A&M kuanzia mwaka 1946 hadi 1998, alivunja ile kanuni kwamba bendi ya chuo ni ya machi za kijeshi tu, yaani nyimbo za mwendo wa gwaride; aliingiza nyimbo zinazosikika redioni, akaingiza densi, akaruhusu mwendo ubadilike kutoka wa taratibu mno hadi wa mbio. Julai 1989 bendi hiyo ilipita katika gwaride la Paris la kuadhimisha miaka 200 ya Mapinduzi ya Ufaransa. Bendi ya Grambling State ilikuwa imekwisha kutumbuiza, pamoja na ile ya Arizona, katika Super Bowl (fainali ya futiboli ya kulipwa) ya kwanza mwezi Januari 1967, na bendi ya Tennessee State ilishinda tuzo ya Grammy mwaka 2023 kwa albamu ya injili, jambo ambalo hakuna bendi ya gwaride ya chuo iliyowahi kulifanya kabla yake.

Katika mtindo huu michoro ni michache na haina haja ya kamera. Bendi husimama kwa pamoja ikitazama watu, hupuliza kwa nguvu zote kisha hushusha ghafla hadi mnong'ono, na mstari wa tuba huyumbisha midomo yake mipana kushoto na kulia kwa pigo moja, kiasi kwamba wimbo huonekana kabla haujasikika. Aliyekaa popote hupata haki yake. Wapo wanaoulaumu kwa kupuliza kupita kiasi hadi lahani ikwaruze, na lawama hiyo si ya bure, ila mimi naona kasoro ya sauti iliyozidi ni nafuu kuliko ya sauti isiyofika.

Yapo mambo ambayo mwandishi wa tathmini hapaswi kuyafunika kwa shangwe. Novemba 2011 mmoja wa viongozi wa gwaride wa Florida A&M alifariki baada ya kupigwa na wanabendi wenzake ndani ya basi mjini Orlando, katika zoea la kuwatesa wenzao lililokuwa likiitwa desturi, na bendi ikasimamishwa hadi mwaka 2013. Mwaka 2014 Ohio State ilimfukuza mkurugenzi wa bendi yake baada ya uchunguzi kubaini mazoea ya udhalilishaji wa kijinsia miongoni mwa wanabendi. Hata nyimbo zimepitiwa upya: Chuo Kikuu cha Mississippi kiliacha kupiga wimbo wa Dixie mwaka 2016, kwa sababu ya uhusiano wake na majimbo yaliyopigania utumwa. Kuna wahitimu wanaonung'unika kwamba bendi zimepoteza nafsi zao kwa marekebisho haya, na sioni hata moja katika hayo ambalo msikilizaji aliyelipa tiketi angelikosa.

Mitindo mingine miwili naitaja kwa ufupi. Texas A&M haijaachana na mistari iliyonyooka, sare za kijeshi na machi, na kwa anayependa usahihi mtupu hakuna inayoifikia, ingawa mara ya pili mtu hujua kitakachofuata. Kinyume chake ni bendi za kutawanyika, ambazo ya Stanford ndiyo maarufu zaidi, zinazokimbia kiholela kutoka mchoro hadi mchoro zikifanya utani. Ndiyo iliyojikuta ndani ya uwanja mwaka 1982 wakati mchezo haujaisha, na mchezaji wa timu pinzani ya California akafunga pointi za ushindi akiwa anapita katikati ya wanabendi, mpiga tromboni mmoja akiangushwa. Utani wao hupendeza aliyeko karibu. Aliye mbali huona vurugu.

Kuhusu kiti, chagua cha juu kiasi, karibu na mstari wa kati, upande ambao bendi huuelekea inapotumbuiza, na usiende kununua chakula wakati wa mapumziko kwa kuwa foleni itazila zile dakika 20 zote. Mchezo ukiisha usiondoke. Wisconsin, ambako Michael Leckrone aliongoza kuanzia mwaka 1969 hadi 2019, huendelea kupiga uwanjani katika kinachoitwa robo ya tano, timu ishinde au ishindwe, na kwenye vyuo vya Weusi bendi mbili hubaki majukwaani mwao zikijibizana wimbo kwa wimbo. Spika wakati huo zimezimwa, kamera zimefungwa, na bendi inapiga kwa ajili ya waliobaki peke yao. Kwangu mimi sehemu hiyo inatosha kuilipia tiketi hata kama robo nne za mwanzo zisingechezwa.