Kinga ya raba ya alterneta kwa Land Cruiser: nyota nne, na ule mfuko wa dukani achaneni nao

Wakuu salaam. Wale tunaoshinda porini na Land Cruiser za injini ya dizeli ya 1HZ ugonjwa wa alterneta, ile inayochaji betri, kipindi cha masika tunaujua, taa ya chaji inaanza kuwaka hafifu kwenye dashibodi na dereva anaendelea tu na safari kwa sababu pampu ya dizeli ya 1HZ ni ya kimakanika, alterneta ikifa injini haizimi hapo hapo, ile solenoidi ya kukata mafuta inakula umeme kidogo sana betri inaibeba bila shida. Ndo maana wengi hawajali mpaka asubuhi kambini unapiga ufunguo unasikia tik, friji ya gari imelala, redio kolu ya mawasiliano kimya, na wageni wameshapanda kamera mkononi.

Sasa mi nimefungiwa kinga ya raba na fundi mmoja maeneo ya Unga Limited hapa Arusha, imekula masika yote Ndutu na Tarangire, kwahiyo naongea kitu nilichokitumia.

Kitu chenyewe hakina mbwembwe. Ni kipande cha raba ya konveya, ile nene yenye nyuzi ndani, kimekatwa kikakaa chini na ubavuni mwa alterneta upande ambao tairi la mbele linarusha tope, kimeshikwa na flatibaa (vyuma bapa) mbili kwenye matundu ya bolti yaliyokuwepo, hajatoboa chasisi popote. Ila kilichonifanya nimkubali huyu fundi ni kabla hajapima chochote, aliingiza mkono ndani ya madigadi akavuta kiraba cheusi kimekauka kimebaki kinaning'inia na klipsi moja, akaniambia "Kaka, Toyota walishakuwekea kinga, hii hapa imekufa. Nikikufungia yangu bila kurudisha hii nitakuwa nimekula hela yako bure." Na kweli zile raba za ndani ya madigadi gari nyingi za huku hazinazo kabisa, zimeng'oka gari likinyooshwa bodi kwa panelibiti zikasahaulika, tope linapita moja kwa moja mpaka kwenye injini. Alizikata mpya kwa raba nyembamba pande zote mbili, hiyo kazi peke yake naona ilikuwa nusu ya dawa.

La pili alilolifanya vizuri ni nafasi. Alterneta ina feni yake inavuta hewa, hewa inapita kwenye daiodi na koili ndo inatokea nje, ukiiziba inajipika yenyewe. Raba yangu imeachwa mbali na alterneta upana kama wa vidole vitatu na juu kuko wazi kabisa. Hapa ndo nautaja ule mfuko wanaouza madukani, wa kitambaa kinene kama cha suti za wapiga mbizi, unavalishwa alterneta yote unafungwa kwa velkro. Jamaa yangu alinunua. Asubuhi mashine ikiwa ya baridi mita inasoma volti 14 na kitu, vizuri tu, lakini mchana baada ya kutembea na kiyoyozi na friji unakuta imeshuka chini ya 13, na kibaya zaidi tope laini likishapenya halitoki, linakaukia humo humo. Walipoifungua alterneta, kaboni zake, zile brashi zinazopeleka umeme kwenye ringi ya shaba inayozunguka, zilikuwa zimeng'ang'ania kwenye nyumba yake hazigusi ringi sawasawa. Mfuko ule ni sawa na kumvalisha mtu koti la mvua kumbe bomba limepasukia ndani ya koti.

Na tope la Ndutu si tope la kawaida wakuu, lile ziwa ni la magadi, maji yakikauka yanaacha chumvi nyeupe kwenye waya, kwenye tundu la plagi, kila mahali, na ile ringi ya shaba inaanza ukijani. Kwahiyo kinga hata iwe nzuri vipi lazima kuosha, na kuosha ni maji ya bomba kwa mpira wa kawaida, mashine ikiwa imepoa, alafu unaiwasha ijikaushe. Vijana wa kuosha magari wakileta ile mashine yao ya maji ya presha kwenye injini wazuieni, inasukuma maji mpaka ndani ya beringi, raba haizuii hiyo.

Isichofanya ni hiki, haikusaidii kwenye maji ya kina. Ukiingia korongo limejaa, maji yakafika kwenye feni ya redieta, alterneta inaloa tu. Hapo funga turubai mbele ya grili, ingia gia nzito ya low, namba moja au mbili, mwendo ule ule usiobadilika ili wimbi likae mbele yako, na usisimame katikati. Ukitoka usizime mara moja.

Wenye Land Cruiser ya V8 ya dizeli ya lita 4.5 hii kitu nadhani haitawatosha, alterneta yao imewekwa chini sana, kule Australia wanauza mpaka braketi za kuihamishia juu, ni bei mbaya lakini kwa gari ile naelewa kwanini. Na wenye Hilux ya 3L ndo msicheze kabisa maana alterneta yao imebeba pampu ya vakyumu ya breki mgongoni, beringi ikilia hapo ujue na breki zinakuja kuwa ngumu.

Bei tulielewana, haikufika hata nusu ya bei ya alterneta ya mtumba ya Dubai, na raba zote za madigadi zikiwemo. Nyota moja nimeikata kwa vitu viwili. Aliniambia njoo jioni chukua gari, nikalipata kesho yake mchana, nenda Jumatatu au Jumanne maana wikiendi anajaza magari ya makampuni. Alafu bolti alizofungia ni za chuma cha kawaida, hazijamaliza msimu zimeshashika kutu na moja imegoma kufunguka mpaka ikatwe, mnunulieni za stenlesi wenyewe mmpelekee mkononi kabla hajaanza kazi.